Urithi wa Constantia: Habari za Shamba la Divai katika Rasi ya Tumaini Jema

Kusini ya mji wa Cape Town, nyuma ya Mlima wa Meza, liko bonde lenye mteremko wa taratibu unaoshuka kuelekea ghuba iitwayo False Bay. Udongo wake ni wa matale yaliyolika kwa mvua za miaka maelfu. Mvua hizo hunyesha wakati wa kipupwe, na katika miezi ya joto upepo wa bahari hupanda bondeni ukaipoza mimea. Humo limo shamba la mizabibu liitwalo Constantia. Divai ya shamba hilo ilinywewa katika majumba ya wafalme wa Ulaya katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, ikawekwa pamoja na divai tamu zilizothaminiwa kuliko zote. Mwaka 1811 mwandishi wa Kiingereza Jane Austen aliitaja katika riwaya yake Sense and Sensibility kuwa ni kitulizo cha maradhi, na wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa ni kitu gani.

Watu wanaosimulia habari za shamba hili huanza kwa kuwahesabu wenye nyumba: gavana aliyelianzisha, wajane waliolishika, na jamaa ya Cloete iliyolikalia kwa muda wa miaka 107. Hesabu hiyo ni sahihi, na itafuatwa hapa. Lakini katika shamba hilo zilitawala sheria mbili za urithi kwa wakati mmoja. Ya kwanza iligawa ardhi, nyumba na mapipa kwa wajane na watoto wa wamiliki. Ya pili iliwarithisha watoto wa wafanya kazi hali ya mama zao, yaani utumwa. Habari za Constantia hazieleweki vema ikiwa moja ya sheria hizi itasomwa bila ya mwenziwe.

Nchi na mwanzilishi wake

Kabla ya kuja Wazungu, bonde hilo na nchi za jirani zilikuwa malisho ya Wakhoikhoi, waliohama na ng'ombe na kondoo wao kwa kufuata majira. Mwaka 1652 Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi ilimtuma Jan van Riebeeck kujenga kituo katika Rasi, ili merikebu ziendazo Batavia zipate maji, nyama na mboga. Mizabibu ilipandwa baada ya muda mfupi, na divai ya kwanza ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Mwaka huo huo Wakhoikhoi walipigana na wageni kwa ajili ya malisho yao. Na vita vilipokoma mwaka 1660 waliambiwa kuwa nchi imekwisha kuchukuliwa kwa upanga, nao hawatarudishiwa.

Bonde lenyewe lilikuwa bado msitu Kampuni ilipoanza kulitumia kuwa mahali pa kuwatenga wafungwa wake wa Mashariki. Kwa mapokeo ya Waislamu wa Rasi, Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mtu wa ukoo wa masultani wa Malaka, aliletwa mwaka 1668 akaamriwa kukaa Constantia, mbali na bandari, asije akapata wafuasi. Mapokeo hayo yasema kuwa aliwapata hata hivyo, miongoni mwa watumwa. Kaburi lake lipo karibu na lango la shamba liitwalo leo Klein Constantia, nalo huzuriwa. Basi ilikuwa kabla ya mzabibu wa kwanza kupandwa hapo, bonde lilikwisha kupokea mtu aliyeletwa bila ya hiari yake.

Mwanzilishi wa shamba ni Simon van der Stel. Alizaliwa mwaka 1639 katika safari ya bahari karibu na Mauritius, ambako baba yake alikwenda kuwa mkuu wa kituo cha Kampuni. Na mama wa mama yake alikuwa mwanamke wa Asia aitwaye Monica. Alifika Rasi mwaka 1679 akiwa kamanda, akapandishwa kuwa gavana mwaka 1691. Mwaka 1685 mjumbe wa Kampuni, Hendrik Adriaan van Reede, alimpa nchi ya eneo la mogeni 891, ambazo ni kadiri ya hekta 760. Ni eneo kubwa kupita kiasi kwa mtu mmoja siku hizo, kwa kuwa mlowezi wa kawaida alipewa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Yasimuliwa kuwa kabla ya kuomba mahali hapo alipeleka watu kuchukua udongo wa sehemu mbalimbali ili aulinganishe. Kisa hicho huenda kimepambwa, lakini uchaguzi wenyewe wathibitisha kuwa alijua alitakalo. Aliliita shamba Constantia, jina ambalo asili yake huelezwa kwa njia zaidi ya moja, na ambalo maana yake katika Kilatini ni uthabiti.

Van der Stel alistaafu mwaka 1699 akahamia shambani moja kwa moja. Huko alipanda mizabibu ya aina nyingi, akajenga nyumba na ghala, akakataza kukamua zabibu kabla hazijaiva sawasawa, jambo ambalo wakulima wengine wa Rasi walilifanya kwa haraka ya fedha. Mchungaji na mwandishi François Valentijn, aliyepita Rasi mara kadhaa, aliisifu divai yake nyekundu. Mwanzilishi akafa tarehe 24 Juni 1712. Hakuna mwanawe hata mmoja aliyelikalia shamba baada yake. Liligawanywa mafungu matatu, na mwaka 1716 mafungu hayo yakauzwa. Fungu lenye nyumba ya gavana ndilo lililoitwa Groot Constantia, yaani Constantia Kubwa.

Sheria mbili

Hapa yafaa kueleza kwa nini mashamba ya Rasi yalibadili majina ya wamiliki mara kwa mara, na kwa nini wanawake huonekana sana katika hati zake. Kwa sheria ya Kiholanzi iliyofuatwa huko, mali ya mume na mke ilikuwa moja. Mmoja wao akifa, nusu ilibaki kwa mwenziwe, na nusu ya pili iligawanywa sawasawa kwa watoto, wa kiume na wa kike. Kwa hiyo shamba kubwa halikuweza kupita kwa mwana mmoja bila ya yeye kuwalipa ndugu zake. Mara nyingi lilitiwa mnadani, na mtoto aliyelitaka ikambidi alinunue kama mtu baki. Tena mjane mwenye shamba alitafutwa sana na wachumba, kwa maana aliyemwoa aliingia katika mali. Mashamba mengi ya Rasi yalipata bwana mpya kwa njia ya arusi.

Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi. Mtoto wa mwanamke mtumwa alikuwa mtumwa, awe baba yake ni nani. Watumwa hawakuruhusiwa kufunga ndoa inayotambuliwa na serikali mpaka mwaka 1823. Kwa hiyo hawakuwa na mume wala mke machoni pa sheria, hawakuwa na ukoo, na majina yao yaliandikwa kwa namna ya bidhaa ionyeshayo bandari ilikotoka: fulani wa Bengali, fulani wa Bugi, fulani wa Madagaska, fulani wa Msumbiji. Wengine waliitwa kwa jina la mwezi, kama Februari au Septemba.

Sheria hizi mbili zilikutana katika maisha ya mtu mmoja, naye ni mwanamke. Fungu la Groot Constantia lilinunuliwa na Kapteni Oloff Bergh, Msweden aliyeitumikia Kampuni. Mkewe alikuwa Anna de Koning. Anna alifika Rasi mwaka 1657 akiwa mtoto mdogo, pamoja na mama yake Angela wa Bengali. Wote walikuwa watumwa, na Angela aliuzwa kwa Van Riebeeck mwenyewe. Baadaye aliuzwa tena kwa Abraham Gabbema, ambaye alimwacha huru yeye na watoto wake mwaka 1666. Angela aliolewa na mlowezi wa Kizungu akajipatia mali, na binti yake Anna akaolewa na Bergh mwaka 1678. Bergh alipofariki mwaka 1724, mtoto yule aliyeshuka merikebuni akiwa mali ya watu akawa mwenye Groot Constantia, akalishika shamba hilo mpaka kufa kwake mwaka 1734.

Msomaji asidhani kuwa Anna alilibadili shamba. Aliwamiliki watumwa kama wenziwe walivyowamiliki. Alipoachwa huru alivuka kutoka sheria moja kuingia nyingine, na mlango alioupitia ukabaki wazi kwa wachache tu.

Jirani yake alikuwa na asili iliyokaribiana na hiyo. Fungu dogo la shamba la gavana, lililoitwa wakati huo Klein Constantia na baadaye Hoop op Constantia, lilimwangukia Johannes Colijn kwa njia ya ndoa. Mama yake Colijn alikuwa Maria Everts, binti wa watu walioletwa kutoka Guinea wakiwa watumwa, kisha wakapata uhuru. Colijn huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitengeneza divai tamu ya Constantia kuwa biashara ya mfululizo na Ulaya, kuanzia miaka ya 1720. Na wazao wake walilishika shamba hilo hata katikati ya karne ya 19. Hivyo sifa ambayo baadaye ilihusishwa na jina la Cloete ilikuwa imekwisha kusimamishwa kwanza na mjukuu wa watumwa wa Afrika Magharibi. Groot Constantia nalo, baada ya kifo cha Anna, lilipita kwa Carl Georg Wieser, kisha kwa mwanawe wa kambo Jacobus van der Spuy, na mwishoni mwa wakati huu mizabibu yake ilikuwa imechakaa.

Jamaa ya Cloete

Jamaa ya Cloete ni miongoni mwa jamaa za kwanza za Kizungu katika Rasi. Jacob Cloete, mtu wa Cologne katika Ujerumani, alikuwa mmoja wa walowezi wa mwanzo walioachiliwa na Kampuni kulima kwa faida yao wenyewe mwaka 1657. Mmoja wa uzao wake, Hendrik Cloete, aliyezaliwa mwaka 1725, alikwisha kuwa tajiri katika wilaya ya Stellenbosch aliponunua Groot Constantia mwezi wa Desemba 1778. Bei ilikuwa gilda 60,000. Katika bei hiyo zilihesabiwa nchi, nyumba, vyombo vya kutengenezea divai, na watu 16.

Cloete aling'oa mizabibu mizee akapanda mipya kwa maelfu. Aliandikiana barua na rafiki yake Hendrik Swellengrebel aliyekaa Uholanzi, na katika barua hizo alieleza kazi yake kwa marefu na mapana, kama mtu anayeitetea divai yake mbele ya wanunuzi wasiomwona. Kutokana na habari hizo, na za wageni waliozuru shamba, njia ya kutengeneza divai ya Constantia yajulikana vizuri.

Mizabibu yake, ambayo iliyo bora ilikuwa ya aina iitwayo Muscat de Frontignan, ilipogolewa ibaki mifupi kama vichaka, bila ya nguzo, ili matunda yapate joto la udongo. Zabibu zilipokwisha kuiva hazikuchumwa. Majani yaliondolewa ili jua lipenye, na vishada viliachwa mtini wiki kadhaa mpaka matunda yakasinyaa, maji yakapungua, utamu ukazidi. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kuwa neno zabibu lenyewe, katika Kiarabu lilikotoka, maana yake ni tunda la mzabibu lililokaushwa. Basi divai ya Constantia ilikuwa divai ya zabibu kwa maana ya asili ya neno hilo. Kisha zilichumwa kwa kuchagua, vikonyo vikaondolewa, zikakanyagwa kwa miguu, na maji yake yakaachwa kuchachuka polepole katika mapipa. Divai ilihamishwa kutoka pipa moja hata pipa jingine mara nyingi ili masimbi yabaki nyuma, na mapipa yalifukizwa kwa kiberiti yasiingiwe na uchachu. Kazi hii ilitaka uvumilivu na mikono mingi. Shamba lilipoteza sehemu kubwa ya uzito wa mavuno yake kwa kuyaacha yakauke, kwa hiyo divai yake haikuweza kuwa nyingi, wala haikuweza kuwa rahisi.

Mwenye shamba hakuiuza divai hiyo apendavyo. Kampuni ilijipa haki ya kuchukua kila mwaka kiasi maalumu cha divai nyekundu na nyeupe ya mashamba ya Cloete na Colijn kwa bei iliyokatwa kabla, na wageni wa mataifa mengine, waliokuwa tayari kulipa zaidi, wakagombea kilichobaki. Cloete alilalamika kwa miaka mingi, na Waingereza walipoitwaa Rasi mwaka 1795 nao hawakuona sababu ya kuiacha haki waliyoikuta.

Pamoja na hayo alitajirika. Nyumba ya gavana aliitengeneza upya, na mwaka 1791 akajenga ghala jipya la divai, jengo refu ambalo ramani yake hudhaniwa kuwa ya mjenzi Mfaransa Louis Michel Thibault. Juu ya uso wa ghala hilo iko sanamu ya kuchongwa, ambayo hudhaniwa kuwa kazi ya Anton Anreith. Yaonyesha kisa cha Kiyunani cha Ganymede, kijana mzuri aliyenyakuliwa na tai kutoka kwao akachukuliwa mbali ili awe mnyweshaji wa miungu. Cloete alitaka mapambo yafaayo nyumba ya divai, na katika elimu ya Ulaya kisa hicho kilifaa. Waliokuwa wakipita chini ya sanamu hiyo kila siku na mapipa walikuwa nao wamenyakuliwa kutoka kwao.

Mikono iliyoikamua

Tangu mwaka 1652 mpaka mwaka 1808, biashara ya watumwa ilipokomeshwa na Waingereza, waliletwa Rasi watumwa wapatao 63,000. Wanahistoria wamekadiria kuwa walitoka karibu sawasawa katika pande nne: robo Uhindi, robo visiwa vya Indonesia, robo Madagaska, na robo bara la Afrika. Mwanzoni Waasia walikuwa wengi. Lakini katika miaka ileile Cloete aliponunua shamba, mwelekeo ulikuwa ukigeuka upande wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1770 merikebu za Kampuni zilifika hata Zanzibar kununua watu. Na baadaye merikebu za Kireno na za Kifaransa zilizopakia watumwa Msumbiji kuwapeleka Amerika zilitia nanga Cape Town na kuuza sehemu ya shehena yao. Wengi wa watu hawa walitoka bara iliyo nyuma ya Kisiwa cha Msumbiji, katika nchi ya Wamakua na jirani zao. Katika Rasi waliitwa kwa jina moja tu, Mozbieker, na jina hilo lilidumu huko kizazi baada ya kizazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1790 Bibi Anne Barnard, mke wa katibu wa serikali ya Kiingereza, alizuru Constantia wakati wa mavuno. Aliandika kuwa aliona mahodhi manne ya kukanyagia zabibu, na katika kila hodhi watumwa watatu, vifua wazi, wakikanyaga kwa kufuata mwendo mmoja wa ngoma. Alivutiwa na maumbile yao, akayafananisha na sanamu za shaba nyeusi za watu wa kale. Ushuhuda wake ni wa thamani, kwa maana wataja jambo ambalo vitabu vya hesabu havikulitaja: kazi ile ilikuwa na mapigo yake, na waliokanyaga waliyajua. Hata hivyo majina yao hakuyauliza. Wanaume hao 12 waliikamua divai iliyojulikana duniani kote, na kilichobaki kwao katika maandishi yale ni rangi ya ngozi na mwendo wa miguu.

Ustadi wa kupogoa, wa kujua kishada kilichosinyaa sawasawa na kilichooza, wa kusikiliza pipa linalochachuka, haukai katika hati ya kununulia shamba. Wamiliki walibadilika mwaka 1716, mwaka 1734, mwaka 1759 na mwaka 1778. Na kila mara mnunuzi aliwanunua pamoja na nchi watu walioijua kazi. Mizabibu ya Cloete ilikuwa mipya, lakini mikono aliyoipokea katika bei ya gilda 60,000 haikuwa migeni.

Neema na mwisho wake

Hendrik Cloete mzee akafa mwaka 1799. Mwanawe, aliyeitwa pia Hendrik, ndiye aliyelishika shamba baada yake. Aliishi katika zama za neema. Waingereza waliirudisha Rasi kwa Waholanzi mwaka 1803, wakaitwaa tena mwaka 1806, na safari hii wakakaa. Mwaka 1813 ushuru wa divai ya Rasi ulipunguzwa sana katika Uingereza, kwa kuwa vita vilikuwa vimeifunga milango ya Ufaransa. Wakulima wa Rasi walipanda mizabibu kila mahali, wakakamua upesi wakauza upesi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na katika miaka michache divai ya kawaida ya Rasi ikapata jina baya katika maduka ya London. Constantia haikuifuata njia hiyo. Ilibaki ndogo na ghali, na Napoleon, alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha Saint Helena tangu mwaka 1815 mpaka kufa kwake mwaka 1821, alipelekewa divai hiyo katika mapipa.

Hendrik wa pili akafa mwaka 1818. Mjane wake, Anna Catharina Scheller, aliliendesha shamba kwa miaka kadhaa, kisha sheria ya urithi ikafanya kazi yake. Mwaka 1823 nchi ilikatwa. Sehemu ya juu ilikwenda kwa mwana mmoja, Johan Gerhard, nayo ndiyo Klein Constantia ya leo, ambayo isichanganywe na ile ya Colijn. Groot Constantia yenyewe ilichukuliwa mwaka 1824 na Jacob Pieter Cloete. Mwaka huo huo wa 1823, kama ilivyokwisha kuelezwa, ndipo serikali ilipokubali kwa mara ya kwanza kuwa watumwa waweza kufunga ndoa.

Utumwa ulikomeshwa katika Rasi tarehe 1 Desemba 1834. Watu wapatao 38,000 walihesabiwa huru kwa jina, lakini walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, mpaka tarehe 1 Desemba 1838. Bunge la Uingereza lilitoa fidia, nayo walipewa waliokuwa wamiliki. Walioachwa huru hawakupata ardhi wala fedha. Wengine walihamia mjini au katika vijiji vya misioni; wengine walibaki mashambani, ambako sehemu ya ujira wao ililipwa kwa divai, vikombe kadhaa kwa siku. Desturi hiyo, iliyoitwa dop, ilienea katika mashamba ya Rasi, ikaharibu afya za watu wengi, na ikaendelea mahali pengi hata baada ya sheria kuikataza katika karne ya 20.

Jacob Pieter Cloete alilishika shamba kwa muda wa nusu karne, na nusu karne hiyo ilikuwa ya kushuka. Nafuu ya ushuru ilipunguzwa mwaka 1825 na tena mwaka 1831. Mwaka 1859 mizabibu ya Rasi ilishikwa na ugonjwa wa ukungu uitwao oidiamu. Mwaka 1860 Uingereza ilifanya mapatano ya biashara na Ufaransa, na divai ya Kifaransa ikaingia kwa ushuru mdogo. Mwaka uliofuata nafuu ya Rasi ikatoweka kabisa. Tena ladha za watu zilikuwa zikibadilika, na meza za matajiri zikaanza kuziacha divai tamu. Jacob Pieter akafa mwaka 1875. Aliyemfuata, Henry Cloete, alirithi jina kubwa na madeni. Mwaka 1885 Groot Constantia iliuzwa kwa serikali ya Koloni ya Rasi kwa pauni 5,275. Hivyo ukaisha umiliki wa jamaa ya Cloete, miaka 107 baada ya kuanza.

Baada ya jamaa

Serikali ililinunua shamba ili liwe mahali pa kufanyia majaribio ya kilimo cha mizabibu na kuwafundisha wakulima. Haukupita muda ikaonekana sababu. Mwaka 1886 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aulaye mzizi wa mzabibu mpaka ukafa, aligunduliwa katika Rasi. Dawa iliyofaa ilikuwa moja tu: kuunganisha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo huyastahimili mashambulio yake. Groot Constantia ikawa kitalu cha mashina hayo. Mizabibu ya zamani ya Cloete ikaondoka, na divai ile tamu ikaacha kutengenezwa.

Tarehe 19 Desemba 1925 nyumba kubwa, iliyoezekwa kwa nyasi, iliungua ikabaki kuta. Ilijengwa upya chini ya mjenzi Franklin Kendall, ikajazwa vyombo vya zamani na Alfred de Pass, ikawa makumbusho. Wageni walionyeshwa vitanda, makabati na vyombo vya kaure vya maisha ambayo jamaa ya Cloete iliyaishi au ingaliweza kuyaishi. Kwa miaka mingi watumwa hawakutajwa sana katika maelezo hayo. Na katika miaka ya 1960, kwa sheria ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa rangi, bonde la Constantia lilitangazwa kuwa la Wazungu, na jamaa zilizokaa humo kwa vizazi, nyingi zikiwa za wazao wa watumwa, zikahamishwa kwa nguvu kwenda katika viwanja vya mchanga mbali na mlima. Bustani zao za mboga na maua zikachukuliwa na wengine. Sheria ya pili ya urithi, iliyofutwa mwaka 1838, ilikuwa imerudi katika vazi jingine.

Divai tamu nayo ilirudi. Klein Constantia ilinunuliwa mwaka 1980 na Duggie Jooste, mizabibu ya Muscat ikapandwa tena, na mavuno ya mwaka 1986 yakatoa divai iliyoitwa Vin de Constance, iliyotengenezwa kwa kuyaacha matunda yasinyae mtini kama zamani. Baadaye Groot Constantia nayo ikafanya vivyo. Tangu mwaka 1993 Groot Constantia si mali ya jamaa yoyote, bali huendeshwa na amana kwa ajili ya umma, na makumbusho yake sasa huwaeleza wageni habari za watumwa pamoja na za mabwana.

Katika Cape Town wako watu wengi ambao majina yao ya ukoo ni Februari na Septemba. Majina hayo waliyapokea kwa baba zao, nao kwa baba zao, mpaka kwa mtu aliyeandikwa hivyo na karani asiyejali kumwuliza jina alilopewa kwao. Hati za Constantia zimehifadhi kwa ukamilifu nani aliuza, nani alinunua na kwa bei gani. Mtu akizisoma hati hizo apaswa kusoma pia karatasi zilizoshikamana nazo, zenye orodha ya watu, kila mmoja na mahali alikotoka. Kwa maana hapo ndipo walipo wale waliolishika shamba hilo bila ya kulimiliki, tangu kwa gavana hata kwa Cloete wa mwisho.